Geita na geita ni Mahali Pamoja

Mwambie mtoto yeyote wa darasa la tatu mkoani Shinyanga akuandikie jina la mkoa jirani wenye dhahabu. Atakuandikia Geita. Akisahau herufi kubwa akaandika geita, mwalimu atamkosoa kwa kalamu nyekundu, lakini hatamwambia kwamba ametaja mkoa mwingine. Mwalimu anajua, mtoto anajua, na mzazi asiyejua kusoma naye anajua: mahali ni pamoja, kilichoharibika ni adabu ya uandishi tu. Wanaokataa ni watunzi wa lugha nyingi za programu tunazozitumia leo. Hao wameamua kwamba Geita na geita ni majina ya vitu viwili visivyohusiana, na mashine zikatii.

Ndugu msomaji, usiharakishe kusema kwamba jambo hili ni la mafundi wa kompyuta na halituhusu sisi tunaohangaika na siasa, ajira na huduma za umma. Anayeandika programu huvipa vitu majina: jumla, gramu, leseni, tarehe ya kuzaliwa. Kwa majina hayo huviita tena vinapohitajika. Swali la ni lini majina mawili ni jina moja ni swali la nani anatambulika na nani anaambiwa hayupo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: lugha ya programu haina sababu nzuri ya kuruhusu majina mawili yatofautishwe na ukubwa wa herufi peke yake. Ihifadhi jina kama mwandishi alivyoliandika, ila akijaribu kuwa na Jumla na jumla mahali pamoja, imkatalie na imuulize anakusudia lipi.

Nianze na historia, kwa maana uamuzi huu haukushuka na mvua. FORTRAN ilipotolewa na IBM mwaka 1957, mashine za wakati ule zilifanya kazi kwa herufi kubwa tu, kwa hiyo swali lenyewe halikuwapo. Hata kipimo cha ASCII kilichotolewa mwaka 1963 hakikuwa na herufi ndogo. Zilikuja kuingizwa katika toleo la 1967. Herufi ndogo zilipofika, watunzi wa lugha waligawanyika. Niklaus Wirth, aliyetoa Pascal mwaka 1970, alitaka Jumla na jumla ziwe kitu kimoja, na Ada ya miaka ya 1980 ikafuata njia hiyo. Dennis Ritchie na wenzake wa Bell Labs, walipotengeneza C mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliyatenganisha. C ilienea pamoja na mfumo wa Unix, na waliokuja baadaye wakaurithi utaratibu wake: Python mwaka 1991, Java na JavaScript mwaka 1995. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa urithi huo kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Mwanafunzi huyohuyo akiandika anwani ya tovuti kwa herufi kubwa, jina la tovuti hutambulika vilevile, na akihifadhi faili kwenye kompyuta ya Windows, mashine haimruhusu kuwa na Ripoti na ripoti katika folda moja. Njia ninayoitetea basi si ndoto. Mamilioni ya watu wanaitumia kila siku bila kujua.

Sasa twende Nyarugusu au Rwamgasa, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Tuseme yupo kijana aliyejifunza Python kwa simu yake, akaamua kuwaandikia wenzake wa kikundi programu ndogo ya kujumlisha dhahabu waliyoiuza sokoni. Siku hiyo wameuza mara tatu: gramu 4, gramu 7 na gramu 5. Mwanzoni anaipa jumla thamani ya sifuri. Kisha kwa kila mauzo anaiagiza mashine ichukue jumla, iongeze gramu, na iweke jibu kwenye jumla. Lakini kibodi ya simu hupenda kukuza herufi ya kwanza ya mstari. Agizo lake limeanza na Jumla, na ndani ya mstari uleule ipo jumla. Nini kinatokea? Mashine inachukua jumla, ambayo bado ni sifuri, inaiongezea gramu 4, na kuweka jibu kwenye kitu kipya kabisa kiitwacho Jumla. Mauzo ya pili yanaanza tena kwenye sifuri, na ya tatu vivyo hivyo. Kijana akiuliza jumla atajibiwa sifuri. Akiuliza Jumla atajibiwa gramu 5. Jibu sahihi ni gramu 16, na Python haitatoa hata neno moja la kulalamika, kwa sababu kwa mujibu wa sheria zake hakuna lililoharibika.

Gramu 11 za dhahabu si chenji ya dukani. Mahali ambapo mgao hupigwa kati ya mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji na mwenye karasha, gramu 11 zisizoonekana zinatosha kuvunja urafiki wa miaka mingi, na pengine kuvunja mfupa wa mtu. Kijana wetu ataitwa mwizi kabla hajaitwa mwanafunzi. Kweli, lugha kama Java na C humlazimisha mwandishi kutangaza jina kabla ya kulitumia, na hapo kosa lingekamatwa mapema. Lakini hizo nazo zinamruhusu atangaze yote mawili, Jumla na jumla, kisha ayachanganye ukurasa wa tatu. Katika Pascal, programu ileile ingetoa 16. Katika lugha ninayoipendekeza, mashine ingesimama na kusema: tayari unayo jumla, je, hii Jumla ni ileile?

Tunajuaje kwamba makosa ya namna hii yana uzito? Katika miaka ya 1990, kundi lililoongozwa na Randy Pausch, kwanza katika Chuo Kikuu cha Virginia kisha Carnegie Mellon, lilitengeneza programu iitwayo Alice ya kuwafundishia watu wasiowahi kuandika programu. Walianza na Python. Walipowatazama wanafunzi wakifanya kazi, waliona herufi kubwa na ndogo zikiwakwamisha mno, hata wakaamua kuibadilisha Python yao isizitenganishe. Angalia walichokifanya: hawakuwahutubia wanafunzi kuhusu umakini. Waliirekebisha lugha. Wanafunzi wao walikuwa Wamarekani, wanaoandika Kiingereza tangu utotoni, na wengi wakiwa na kompyuta yenye kibodi kamili mezani. Mwanafunzi wetu wa Kahama au Bukombe anajifunza mantiki, anajifunza Kiingereza, na mara nyingi anafanya vyote viwili kwenye kioo cha simu. Shule ya msingi ilimfundisha kwamba sentensi huanza kwa herufi kubwa. Akiitii kanuni hiyo na kuanza mstari kwa If, Python inamkatalia. Akizoea kuandika vyote kwa herufi ndogo, inamkatalia pia, kwa kuwa True na False huanza kwa herufi kubwa. Akihamia JavaScript, anaambiwa true na false ni kwa herufi ndogo. Hapo hajifunzi kufikiri. Anakariri hirizi.

Kuna kundi jingine ambalo mjadala huu haulitaji, nalo liko karibu nasi. Shule ya Buhangija iliyopo Manispaa ya Shinyanga inajulikana nchini kwa kuwalea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Sasa itazame alfabeti kwa macho yao. Herufi c, o, s, v, w na z hazibadiliki umbo zinapokuwa kubwa. Zinaongezeka kimo tu. Salio na salio, maneno mawili yenye umbo moja, moja likiwa limeinuka kidogo. Wilaya na wilaya vivyo hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema kwamba asiye na macho afungiwe mlango. Asiyeona kabisa hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na sauti haina herufi kubwa. Programu hizo zaweza kupangwa zimtajie kila herufi kubwa inapopita, lakini jaribu kusikiliza kurasa ishirini kwa namna hiyo uone kama utabaki na akili ya kufuata hoja. Serikali na asasi zimetumia fedha na jasho kuwahifadhi watoto hawa dhidi ya ukatili. Watakapokuwa watu wazima wakatafuta kazi za maarifa, tusiwawekee kizingiti ambacho hakina faida kwa yeyote.

Wapo wanaodhani herufi kubwa ni sehemu ya jina, kama damu ilivyo sehemu ya mwili. Kiswahili chenyewe kinawakanusha. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina herufi kubwa wala ndogo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umejaa majina ya watu na miji, na hakuna msomaji aliyeshindwa kuyatambua kwa kukosa herufi kubwa. Tulipohamia hati ya Kilatini, tulichagua kuweka herufi kubwa kwenye kiambishi: Msukuma, Wasukuma, Kisukuma, Usukuma. Wazulu, ndugu zetu wa Kibantu, walichagua kuiweka kwenye shina, na hivyo huandika isiZulu. Je, wao wamekosea au sisi? Hakuna aliyekosea. Herufi kubwa ni vazi, na kila jamii imelishona vazi lake. Lakini mtu akibadili shati hatumpi jina jipya.

Ajabu ni kwamba lugha hizihizi zinazopiga kelele kwa tofauti isiyosikika zimeziba masikio kwa tofauti inayosikika. Katika Kiswahili, ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni wivu au tamaa. Kinachoyatenganisha ni ritifaa, na ritifaa hiyo ina sauti yake kinywani. Katika majina ya Kisukuma imejaa tele. Mkoa wa Geita una wilaya iitwayo Nyang'hwale. Jaribu kukipa kitu jina hilo ndani ya Python, Java au C: utakataliwa, kwa sababu ritifaa haipokelewi ndani ya jina. Msiniambie haiwezekani. Haskell inaipokea, na mtu anaweza kuandika ng'ombe ndani yake bila tatizo. Kwa hiyo Geita na geita zimepewa haki ya kuwa vitu viwili, na Nyang'hwale imenyimwa haki ya kuwa hata kimoja. Hiyo ndiyo sura ya sheria iliyotungwa bila sisi kuwapo kikaoni.

Nizijibu sasa hoja za wapinzani, kwa kuwa zipo na nyingine ni nzito.

Ya kwanza ni ya nidhamu: kompyuta hudai usahihi, na anayeshindwa kuangalia herufi atashindwa kuangalia makubwa. Nenda soko la madini ukatazame mizani. Mizani inadai usahihi usio na huruma, lakini inapima dhahabu. Haipimi rangi ya mfuko ulioibeba. Usahihi una thamani unapoelekezwa kwenye kitu chenye maana. Ukielekezwa kwenye kisicho na maana unaitwa usumbufu.

Ya pili ni ya wanasayansi, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Watasema herufi kubwa huokoa maisha: Co ni kobalti, CO ni gesi ya kaboni monoksaidi, mg ni miligramu, Mg ni megagramu, yaani tani nzima. Ni kweli. Injini ya pampu ikiwashwa ndani ya shimo hutoa gesi hiyo, nayo huua bila harufu. Lakini mhandisi gani mwenye busara ataandika mfumo wa usalama wa mgodi ambamo kipimo cha kobalti kinaitwa Co na kipimo cha gesi ya kifo kinaitwa CO, ukurasa mmoja, akiamini kwamba hakuna mkono utakaoteleza? Ataandika kobalti, na ataandika gesi_ya_sumu. Mfano huu haunipingi. Unaonyesha kwamba pale maisha yanapohusika, tofauti ya ukubwa wa herufi ni kamba nyembamba mno ya kumteremshia mtu shimoni.

Ya tatu ni ya desturi. Waandishi wa Java wamezoea kuita aina ya kitu Leseni na kitu chenyewe leseni, na wanasema desturi hiyo huwasaidia kusoma. Nani amewazuia kusoma? Lugha inayohifadhi maandishi kama yalivyo haivunji desturi ya kuanza majina ya aina kwa herufi kubwa. Inachokataa ni uvivu wa kuwapa baba na mwana jina moja na kuwatofautisha kwa kofia. Mwite wa pili leseni_mpya, na kila atakayesoma baada yako atakushukuru.

Ya nne ni ya watunzi wa lugha wenyewe, wanaosema kulinganisha herufi kubwa na ndogo ni kazi ngumu katika dunia yenye lugha nyingi. Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina herufi kubwa yake. Naam, kazi ipo. Lakini Unicode ina jedwali la kulinganishia herufi hizo, na Python 3 tayari huyapitisha majina yote katika utaratibu wa kuyasawazisha kabla ya kuyalinganisha, ili namna mbalimbali za kuandika herufi ileile zihesabiwe kuwa moja. Wamekwisha kukubali kwamba maandishi mawili yaweza kuwa jina moja. Wamesimama nusu ya safari.

Mtaalamu makini atanikatiza hapa: majina ndani ya programu ni jambo moja, na majina ya watu ndani ya kumbukumbu ni jambo jingine. Namkubalia. Lakini mazoea hayana mipaka hiyo. Aliyefundishwa kwa miaka minne kwamba herufi moja ikibadilika kitu kimebadilika, akiajiriwa ataujenga mfumo wa ofisi kwa imani hiyohiyo, na lugha anayoitumia italinganisha maandishi kwa imani hiyohiyo pia asipoiagiza vinginevyo. Ndiyo maana ripoti huja na GEITA, Geita na geita katika mistari mitatu, kila mmoja na hesabu yake. Nyang'hwale huandikwa na wengine Nyanghwale, na wengine Nyang'wale, na hata ritifaa ina sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, ambazo kwa mashine ni alama mbili tofauti. Ng'wanamalundi, yule maarufu wa simulizi za Usukumani, wengine humwita Mwanamalundi, na msikilizaji yeyote wa Shinyanga anajua ni mtu mmoja. Mashine iliyofunzwa vibaya itawahesabu wawili.

Kwa mtu wa kawaida hili si fumbo la kitaaluma. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofanyika mwaka 2019 na 2020, Watanzania walielewa namna namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ilivyofungamana na maisha yao. Mwenye jina lenye ng', lililoandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye cheti cha shule na ya tatu kwenye kitambulisho, anaweza kulazimika kula kiapo kwa wakili ili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Analipia nauli, analipia kiapo, anapoteza siku. Na mtumishi aliye dirishani, ambaye pengine ni kijana wa Kisukuma na anajua fika kwamba jina ni lilelile, anamwambia: mama, mfumo umekataa.

Mfumo haukatai. Anayekataa ni mtu aliyeuandika, na kabla yake aliyemfundisha, na kabla yake aliyeitunga lugha. Mnyororo huo una viungo vitatu, na viwili kati yake viko mikononi mwetu.

Kwa wahadhiri wenzangu: tunapochagua lugha na zana za mwaka wa kwanza, tuwape wanafunzi zana zinazowaonya pale majina mawili yanapotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Zana za ukaguzi zipo, na kuziwasha hakuhitaji bajeti ya wizara. Kwa watumishi wa umma mnaoandika mahitaji ya mifumo: Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma. Katika viwango hivyo liwemo sharti kwamba hakuna mfumo utakaomkana mwananchi kwa sababu ya herufi kubwa, nafasi au ritifaa. Ukitilia shaka, umuulize binadamu, na binadamu awe na mamlaka ya kujibu. Kwa wanaharakati: mnapodai haki za watu wenye ulemavu, ulizeni pia mifumo na lugha wanazotakiwa kuzitumia zimetengenezwa kwa macho ya nani.

Na kwa wanafunzi wa Shinyanga, Kahama na Geita: lugha za programu zimetungwa na watu, na hubadilishwa na watu. Vikao vyake vingi viko wazi, na mapendekezo hupokewa kutoka kwa yeyote mwenye hoja na subira. Pelekeni hoja. Pelekeni na Nyang'hwale, pamoja na ritifaa yake.